Yote Isipokuwa Moja



Miezi michache iliyopita tulizika mama mmoja wa kanisa letu hapa Mahagi-Port. Wengi wenu mlimjua: miaka yake yote alikausha samaki kwa moshi pale pwani, na kwa samaki hao akasomesha watoto watano. Mwanawe wa tatu yuko Bunia, anafundisha katika shule kubwa huko. Alikuja kwa mtumbwi wa injini kutoka Kasenyi, akafika usiku, akakaa kando ya jeneza mpaka jogoo la kwanza, na kabla watu hawajaamka akawa amekwisha kuondoka. Siku ya tatu ya matanga manung'uniko yalijaa kila mahali. Walisema elimu imempa kiburi. Walisema ameona haya kukaa na wavuvi.

Sisi tulimpigia simu. Tulikuwa tumejiandaa kumkemea, tunakiri. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba, kama ningebaki mpaka asubuhi, mngesimama wote na kuniita Dokta mbele ya mama. Naye amekufa akiamini ni kweli."

Hatukuwa na neno la kumjibu. Tangu siku hiyo tumelichukua jambo hili katika sala na katika mafikara, na leo tunaliweka mbele yenu. Mtu aliyemaliza yote isipokuwa kitu kimoja, cha mwisho, tumwite nani? Ni mwongo? Ni mvivu? Ni mdeni? Na kama ni mdeni, anadaiwa na nani?

Kwa ajili ya wale ambao hawakupita njia hiyo, tueleze kidogo. Katika nchi yetu, kabla ya mfumo unaoitwa LMD kuanza kuingizwa katika mwaka wa masomo 2021-2022, mwenye Diplome ya Serikali aliingia chuo kikuu, akasoma miaka 3 ya graduat, kisha miaka 2 ya lisansi. Aliyefanya vizuri aliweza kuchukuliwa kuwa asistanti, akafundisha, akaandika makala, akapanda kuwa CT. Akitaka kwenda mbele zaidi alisoma masomo ya D.E.A., akapewa mitihani, akakubaliwa. Baada ya hapo masomo yamekwisha. Hakuna tena mwalimu wa kumfundisha wala kengele ya kumwita darasani. Kinachobaki ni kitabu kimoja, tasnifu, ambacho atakiandika peke yake na kukitetea mbele ya maprofesa. Bila kitabu hicho si dokta, wala hawezi kuwa profesa, hata akifundisha mpaka mvi zimjae kichwani.

Hapo ndipo ndugu yetu aliposimama. D.E.A. aliipata Kisangani. Mwaka 2012 na 2013 alikuja hapa kwetu na daftari zake, akawauliza wavuvi na akina mama wa pwani habari za sheria za zamani za ziwa: nani aliruhusiwa kutupa wavu wapi, matundu ya wavu yalikuwa na upana gani, wazee waliamua vipi mitumbwi ilipogombana. Alijaza daftari 11. Na baadaye? Mshahara ambao kila mwalimu wa chuo katika nchi hii anaujua. Masomo mengi ya kufundisha ili watoto wale. Profesa msimamizi aliye mbali, tena mwenye wanafunzi wengine wengi, ambaye sura moja ya tasnifu ilikaa mezani kwake muda wa mwaka na nusu. Kisha machafuko ya Djugu na Mahagi yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2017, barabara ya Bunia hadi Mahagi ikawa njia ya kuombewa kabla ya kuipita. Kisha ziwa lilifurika mwaka 2020. Kisha hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa Ituri mwezi wa Mei 2021. Mtu akisema huyu ni mvivu, na amwonyeshe mwaka mmoja katika hiyo ambao ulikuwa wa kuandika kwa utulivu.

Na wale waliomtangulia hawakuwa na afadhali. Mwaka 2000, mwezi wa Juni, majeshi mawili ya kigeni yalipigana siku 6 ndani ya mji wa Kisangani, na mabomu hayakuuliza nani alikuwa akiandika nini. Mwaka 2003 Bunia yenyewe iliwaka moto, mpaka askari wa Ulaya wakaletwa mwezi wa Juni kuulinda mji. Aliyekimbia vita alibeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Hakuna aliyeulizwa kwa nini hakubeba karatasi.

Lakini tusidhani ni ugonjwa wa Kongo peke yake. Huko Marekani, ambako chuo cha Yale kilitoa udokta wa kwanza wa namna hii katika nchi hiyo mwaka 1861, watu hawa ni wengi hata wamepewa jina lao la herufi tatu, A.B.D., maana yake yote yamekwisha ila tasnifu. Uchunguzi mkubwa wa huko, uliotangazwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba katika kila watu 100 walioanza masomo ya udokta, baada ya miaka 10 kama 57 tu ndio waliokuwa wamemaliza. Na hao wana umeme usiku kucha, wana maktaba, wala hawakimbii risasi. Basi kuna kitu katika kazi hiyo yenyewe kinachomshika mtu. Darasani unajibu swali uliloulizwa na mwingine. Katika tasnifu hakuna anayekuuliza. Wewe ndiwe unayesema, na jina lako linakaa juu. Wengi wanaoweza kujibu wanaogopa kusema.

Tena yumo mtu mkubwa katika safu hiyo, ambaye wengi wetu tulimwita Dokta tangu utoto. Kwame Nkrumah alifika Marekani mwaka 1935. Alisoma Lincoln, akapata shahada ya kwanza mwaka 1939 na shahada ya teolojia mwaka 1942, na wakati huo alikuwa akihubiri katika makanisa ya watu Weusi. Katika chuo kikuu cha Pennsylvania alimaliza masomo ya udokta wa falsafa na mitihani yake. Ilibaki tasnifu. Mwaka 1945 alivuka bahari kwenda London, akajiandikisha tena kwa udokta, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo alikuwa Manchester pamoja na Waafrika wengine wakiandaa uhuru wa bara hili. Tasnifu haikumalizika. Tarehe 6 Machi 1957 Ghana ilipata uhuru, naye akiwa mbele.

Basi, ule u-Dokta ulitoka wapi? Mwaka 1951 chuo chake cha zamani, Lincoln, kilimpa udokta wa heshima, mchana kweupe, mbele ya watu wote. Hakujipa mwenyewe. Hiyo ni tofauti kubwa, wapendwa. Mwenye kupewa jina kwa heshima na mwenye kulivaa akijua si lake, hao ni watu wawili. Lakini yuko na wa tatu, naye ndiye tunayemhangaikia leo: yule aliyevalishwa jina na watu wake kabla ya wakati, kwa furaha yao, na hakuwa na moyo wa kulivua kwa sababu mama yake alilipenda.

Nani alimvalisha ndugu yetu? Tuliangalia daftari ya matangazo ya kanisa. Mwaka 2012, mwezi wa Agosti, sisi wenyewe tulitangaza mimbarini kwamba kanisa letu limepata dokta. Vigelegele vilipigwa. Mama yake alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Yeye mwenyewe alikuwapo, akainua mkono kutaka kusema jambo, nasi tukaanzisha wimbo. Tangu hapo kila alipokuja aliitwa Dokta, na wengine, kwa kutokujua, wakamletea watoto wenye homa awape dawa. Alicheka nao mara ya kwanza na ya pili. Kisha akaanza kuja mara moja kwa mwaka. Kisha hakuja tena mpaka jeneza. Basi swali la uongo tumelipata jibu, nalo si zuri kwetu. Uongo ulikuwapo, lakini ulianzia mimbarini, ukatoka kinywani mwetu. Yeye alinyamaza, na kunyamaza kwake tumekwisha kukuona kulivyomgharimu.

Bwana alisema mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara, asipige kwanza hesabu ya gharama, akaweka msingi akashindwa kumaliza, na waliomwona wakamcheka. Mfano huo tumeuhubiri mara nyingi kuwaonya wajenzi. Hatujauhubiri hata mara moja tukiangalia upande wa wale waliosimama barabarani wakicheka. Bwana hakuwasifu.

Sasa tuje kwenye deni, maana hapa ndipo tulipokawia zaidi katika kufikiri.

Wengine kati yenu mtasema: anadaiwa na sisi. Ni kweli kanisa lilichanga. Akina mama walitoa samaki, vijana walibeba mawe ya kuuza, na fedha ikapelekwa Kisangani. Lakini sadaka iliyotolewa haidaiwi tena. Tukiidai, haikuwa sadaka. Tena elimu aliyoipata anaitoa kila siku kwa watoto wa Ituri darasani Bunia. Hapo sisi tunaona tumekwisha kulipwa.

Wengine watasema anadaiwa na nafsi yake. Hilo tunamwachia yeye na Mungu wake.

Deni tunaloliona sisi liko ndani ya zile daftari 11. Wazee walioketi na ndugu yetu chini ya mwembe mwaka 2012 walimpa maneno ambayo hawakumpa mtu mwingine. Walimwambia mambo ya ziwa ambayo baba zao waliwaambia. Kati yao, wanne tumekwisha kuwazika. Mama aliyekuwa akijua majina ya pepo zote za ziwa, na upepo upi unaleta kapiteni karibu na pwani, naye hayupo. Maneno yao yapo katika sanduku la bati chini ya kitanda Bunia, katika mwandiko ambao labda mtu mmoja tu anaweza kuusoma. Walitoa wakidhani yatafika mahali. Hao ndio wanaodai, na wengi wao hawawezi tena kuja kudai.

Neno hili si dogo kwetu. Mtu akitaka kujua leo habari za Walur, atapelekwa kwenye kitabu cha Aidan Southall, mtu wa Uingereza aliyefundisha Makerere, kilichochapwa mwaka 1956. Mtu akitaka kujua habari za makanisa ya manabii katika Afrika, atapelekwa kwenye kitabu cha Bengt Sundkler, mmisionari wa Uswidi ambaye baadaye alikuwa askofu Bukoba. Cha kwake kilitoka mwaka 1948. Hatuwalaumu. Walikuja, waliuliza, walimaliza, na kazi yao ilifika. Lakini walisikia kwa sikio la mgeni. Mtoto wetu alisikia kwa sikio la mtoto aliyelala ndani ya mtumbwi akiwa mdogo. Kama yeye hakuandika, mgeni mwingine atakuja kuuliza upya, na wale wa kuulizwa watakuwa wamepungua.

Basi je, kila mwenye deni hili lazima awe dokta ndipo alilipe? Hapa tunataka mwangalie kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapofungwa na kamba isiyokuwapo.

Okot p'Bitek mnamjua, mwana wa Gulu, ndugu zetu wa lugha moja ya Walwo ng'ambo ya Nile. Watu wengi wanamjua kwa utenzi wa Lawino wa mwaka 1966. Wachache wanajua kwamba alikwenda Oxford, akaandika tasnifu ya udokta juu ya dini ya Walwo wa kati, na mwaka 1970 maprofesa wakaikataa. Huyu alikwenda mbali kuliko ndugu yetu. Alimaliza kuandika, mlango ukafungwa usoni pake. Alifanya nini? Mwaka 1971 kazi hiyo ikatoka kama kitabu, kikauzwa na kusomwa Afrika Mashariki, na kinasomwa hata leo. Alikufa mwaka 1982 bila udokta ule. Lakini wazee wa Kiacholi na Kilango waliozungumza naye, neno lao lilifika.

Na Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alikwenda chuo cha Leeds mwaka 1964 kwa shahada ya pili, hata haikuwa ya udokta. Tasnifu yake juu ya waandishi wa visiwa vya Karibi hakuipeleka. Badala yake aliandika riwaya iliyotoka mwaka 1967, ya watu wa kijiji kimoja wakati wa kuelekea uhuru wa Kenya. Katika hizo mbili, ipi iliyofikisha zaidi neno la watu wake? Hakuna anayeuliza.

Lakini tusije tukampa mtu kisingizio. Okot na Ngũgĩ waliacha karatasi moja kwa sababu walishika nyingine. Hawakuacha wakakaa. Kama ndugu anaweza kumaliza tasnifu yake, na aimalize, maana chuo kikuu kisicho na madokta wa kwake kitabaki kukopa maprofesa wa miji mingine mpaka lini? Nchi jirani wameliona hilo: Kenya mwaka 2014 tume yao ya vyuo vikuu iliwaambia wahadhiri wawe na udokta katika muda wa miaka mitano, na wengi hawakuufikia kwa wakati uliowekwa, maana amri haiandiki kitabu. Tunasema tu kwamba kati ya kumaliza na kutomaliza kuna mlango wa tatu, na mlango huo ni halali.

Mfalme Daudi aliupita. Alitamani kumjengea Bwana nyumba kuliko kitu chochote. Alikusanya dhahabu, fedha, chuma, mawe ya kuchongwa, na mierezi isiyohesabika. Alikuwa na mchoro wote. Yote yalikuwa tayari isipokuwa nyumba yenyewe, naye akaambiwa si wewe. Tunafikiri usiku ule ulikuwa mgumu kwake. Lakini hakukalia zile mbao. Hakuzificha chini ya kitanda mpaka zikaliwa na mchwa kwa sababu hangekuwa yeye wa kuzijenga. Alimwita Sulemani, akampa mchoro mbele ya mkutano wote, akamwonyesha kila kitu kilipo. Na watu wote wakajua nani amekusanya na nani atajenga. Hakukuwa na mtu wa kumwita Daudi mjenzi wa hekalu, wala yeye hakuhitaji kuondoka usiku.

Mambo haya tulimwandikia ndugu yetu, kurasa nne, na tukamwomba msamaha kwa lile tangazo la mwaka 2012. Hakujibu wiki tatu. Tulidhani tumemuumiza zaidi. Kisha akapiga simu, akasema ameondoa sanduku chini ya kitanda. Panya wamekula pembe za daftari ya pili na ya saba, mengine ni mazima. Akasema hajui bado kama atapata profesa mwingine wa kumsimamia. Mmoja wa Kisangani amesema atasoma. Lakini hata kabla ya hilo anataka kuja.

Kwa hiyo tunatangaza. Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada, ndugu yetu atakuwa pale chini ya mwembe karibu na pwani, na atasoma kwa sauti yaliyo katika daftari, kwa dhualur kama alivyoambiwa na kwa Kiswahili kwa wageni. Wale aliowauliza miaka ile waje, wasikie kama aliandika sawa, na pale alipokosea wamrekebishe. Ambao wazazi wao walioulizwa wamekwisha kulala, waje badala yao. Vijana wawili wenye mwandiko mzuri wanatakiwa, wa kunakili. Watoe majina kwa katibu wa kanisa. Akina mama wameahidi samaki.

Na tafadhali, ndugu wote: ameomba aitwe kwa jina lake, lile ambalo mama yake alimwita.